Kufuatilia protini ya SRC, kutoka ishara hadi uvamizi wa saratani, kwa kompyuta ya kawaida

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia binti mmoja wa hapa Malindi, mwanafunzi wa baiokemia, kuandaa ripoti kuhusu namna protini zinazopitisha ishara ndani ya seli zinavyoiwezesha saratani kuvamia tishu za jirani na hatimaye kusambaa. Maabara ya kukuza seli hatukuwa nayo. Tulikuwa na kompyuta ndogo na bando la simu, na kwa kuwa watafiti wameweka wazi data zao, hivyo vilitosha. Mfano wetu ni protini iitwayo SRC.

Hatua ya 1: Chora njia kwa kalamu

Ichore kabla ya kufungua hifadhidata yoyote. SRC ni kinesi, yaani hubandika fosfeti kwenye tairosini (mojawapo ya amino asidi, viungo vinavyojenga protini) za protini nyingine. Inapoamka hushirikiana na FAK, kinesi nyingine, kubadilisha mahali ambapo seli imejishika. Huigusa kotaktini, inayosaidia kuchipusha invadopodia, vichomozi ambavyo hupeleka vimeng'enya kama MMP14 kwenye kolajeni, protini ya kiunzi cha tishu, na kuivunja. Tena huchangia kuondolewa kwa E-kadherini, inayoshikanisha seli za epitheliamu (tabaka linalofunika viungo). Mishale hiyo mitatu inatosha.

Hatua ya 2: Tumia vitambulisho, si majina

Katika UniProt, hifadhidata ya protini, SRC ya binadamu ni P12931. Majina hupotosha: CDH1 ni jeni ya E-kadherini, lakini jina hilohilo hutumika pia kwa FZR1, protini ya mzunguko wa mgawanyiko wa seli, isiyohusiana nayo.

Hatua ya 3: Hakikisha unaizungumzia tairosini ipi

Hatua hii ndiyo inayokula saa nyingi. SRC ina tairosini mbili zinazoamua hali yake: ya kwanza ikibandikwa fosfeti, protini huamka, ya pili, iliyo mkiani, ikibandikwa fosfeti, protini hujikunja na kutulia. Virusi vya sarkoma ya kuku ambavyo Peyton Rous alivieleza mwaka 1911 hubeba aina ya SRC iliyokosa tairosini hiyo ya mkiani, na ndiyo maana haitulii.

Tatizo liko kwenye namba. Utafiti wa mwanzo ulitumia SRC ya kuku, yenye amino asidi 533, ambamo tairosini hizo ni ya 416 na ya 527. Ya binadamu ina amino asidi 536, na UniProt inazihesabu kuwa ya 419 na ya 530. Makala nyingi, hata zilizotumia seli za binadamu, zimeendelea na namba za kuku, na waandishi wengine hawaihesabu amino asidi ya kwanza, methionini, hivyo wakapata 418 na 529. Anayesoma makala tatu anaweza kudhani kuna tairosini sita, akajenga hoja juu ya tofauti isiyokuwepo.

Kwa hiyo usiitegemee namba. Zitegemee herufi zinazoizunguka, ambazo kila moja husimama badala ya amino asidi moja (Y ni tairosini). Fungua mfuatano wa P12931 na utafute EDNEYTARQG kwa tairosini inayoamsha, na EPQYQPGEN kwa ile ya mkiani. Wala usijitungie kanuni moja ya kujumlisha tatu, kwa maana kila protini ina historia yake: tairosini ya EGFR, protini nyingine inayopokea ishara, ambayo makala nyingi huiita 1068 ni ya 1092 katika UniProt, kwa sababu amino asidi 24 za mwanzo, ambazo hukatwa protini inapokomaa, hazikuhesabiwa.

Hatua ya 4: Tafuta washirika katika STRING

STRING ni hifadhidata ya uhusiano kati ya protini. Pandisha kiwango cha uhakika kutoka 0.4 hadi 0.7, na uondoe alama kwenye ushahidi unaotokana na uchambuzi wa maandishi. Protini mbili kutajwa pamoja si ushahidi kwamba zinagusana.

Hatua ya 5: Linganisha na data za wagonjwa

Katika cBioPortal, tovuti ya data za saratani, chagua utafiti wa saratani ya matiti wa TCGA, mradi uliochunguza sampuli za uvimbe za wagonjwa wengi. Wengi hukimbilia vipimo vya mRNA (nakala za jeni zinazotumika kutengeneza protini), nami kwa kinesi sivikubali. Kuhesabu madau yaliyotia nanga hapa Malindi hakukuambii mangapi yametweka tanga. Vivyo hivyo wingi wa SRC hausemi ni kiasi gani imeamka. Chagua data za RPPA, yaani protini zilizopimwa kwa kingamwili, ambamo utaikuta SRC yenye fosfeti, tena kwa namba za kuku.

Hata hapo pana tahadhari mbili. Kingamwili ya 416 huweza kuwashika pia ndugu wa SRC, kama FYN na LCK, kwa kuwa herufi za eneo hilo zinafanana mno; na LCK imo kwa wingi katika limfosaiti, seli za kinga ambazo huingia kwenye uvimbe, hivyo kipimo kikubwa huenda hakikutoka kwenye seli za saratani. Pili, sampuli za matiti za TCGA karibu zote ni za uvimbe wa awali. Zinaweza kukuambia ishara ilikuwaje pale saratani ilipoanzia, lakini haziwezi kukuonyesha seli zilizokwisha kuhamia kwenye mfupa au pafu. Kwa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, hali ni tofauti, kwani humo sampuli nyingi zilitoka kwenye uvimbe uliosambaa.

Hatua ya 6: Hifadhi

Pakua jedwali lenyewe katika muundo wa TSV (faili la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa tab), si picha ya skrini, kisha andika jina kamili la utafiti, tarehe uliyopakua, na namba za tairosini kwa hesabu ya UniProt, huku namba ya kuku ukiiweka kwenye mabano pale inapotajwa mara ya kwanza.