Redio ya simu isiyokula bando

Hili nimelijua juzi tu. Kabla hujanunua redio ndogo, angalia kama simu yako ina programu ya redio ya FM, siyo ile ya intaneti. Chomeka hedifoni za waya, tafuta stesheni, kisha bonyeza alama ya spika: sauti itatoka nje, waya ubaki umechomekwa. Huo waya ndio antena. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita 3, hivyo ukiukunjakunja mfukoni redio inakwaruza. Unyooshe, au uuning'inize dirishani. Bando haliguswi. Hedifoni za Bluetooth hazisaidii hapa, na simu nyingi mpya (sijui kwa nini wanatunyima) hazina kabisa hiyo redio.