Kidonge cha Jumatatu: jinsi ya kumpa mzazi dawa ya mifupa isipotee bure

Mamangu ana miaka 71 na anauza omena pale soko la Kibuye, Kisumu. Mwaka jana aliteleza akishuka kwenye tuktuk, akajikinga kwa mkono, kifundo kikavunjika. Anguko lenyewe dogo tu. Daktari akasema mfupa wa namna hiyo umekonda, akamwandikia alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki.

Miezi miwili ya kwanza nilimpa na chai ya maziwa. Pesa zote hizo tulizimwaga, na kosa ni langu: karatasi ya maelezo ilikuwa ndani ya paketi, sikuisoma.

Jua kwanza dawa inamwendea nani. Kuna seli ziitwazo osteoklasti. Asili yao ni damu, ukoo mmoja na seli nyeupe ziitwazo monositi. Seli za mfupa zikitoa ishara ya RANKL, chembe kadhaa za ukoo huo huungana zikawa jitu moja lenye viini vingi. Jitu hilo hujibandika juu ya mfupa na kuziba kingo zote, kama kikombe ulichokifudikiza mezani, kisha humwaga asidi chini yake. Asidi huyeyusha madini. Kimeng'enya kiitwacho kathepsini K hukatakata kolajeni, yaani nyuzi za protini za mfupa, iliyobaki. Likiondoka, linaacha kishimo.

Usilichukie. Umewaona wanaotengeneza barabara wakikata lami mbovu kabla ya kumwaga mpya? Kazi yake ni hiyo. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na osteoklasti zisizofanya kazi. Mifupa yao huwa mizito mno na bado huvunjika, tena nafasi ya uboho husongwa hadi damu ikapungua. Baadhi yao hutibiwa kwa kupandikizwa uboho, maana jitu lenyewe hutoka huko.

Kwa mamangu shida ni kwamba kishimo hukatwa kwa wiki chache, ila kukijaza huchukua miezi. Estrojeni, homoni ya kike, ndiyo iliyokuwa ikiwashika mkono wakataji. Hedhi ilipokoma wakaachiwa, na wajazaji hawakuwafikia tena.

Alendroneti hujishikiza kwenye mfupa. Osteoklasti ikija kuula, inaimeza dawa pamoja nao, inalemaa. Lakini hata ukifanya kila kitu sawasawa, kinachoingia mwilini hakifiki hata sehemu 1 kati ya 100 za kidonge. Ndiyo maana asubuhi ya dawa haina mzaha.

Chagua siku isiyo na pilkapilka. Jumapili soko linafurika na mama yuko njiani alfajiri, kwa hiyo tulichukua Jumatatu. Akiamka tu, kabla ya chochote kuingia mdomoni, mpe kidonge na glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si uji, si mala: kalsiamu ya maziwa huikamata dawa tumboni. Asikitafune wala kukimumunya. Halafu dakika 30 asile, na asirudi kitandani, kwa sababu kidonge kikikwama kwenye umio kinachoma. Mamangu huzimalizia uani kwa kuku, akinifokea: "Nyathina (mwanangu), unataka kuniua na njaa?" Mzee asiyeweza kukaa wima nusu saa, au mwenye figo zilizochoka sana, daktari aambiwe kabla ya dawa kuanza.

Mkisahau, ameze kesho yake asubuhi kisha mrudi kwenye siku yenu. Viwili kwa siku moja, hapana.

Kalsiamu bado anaihitaji, ila baadaye mchana. Kwetu hiyo ni omena, inayoliwa na mifupa yake, na sukuma wiki pembeni.

Akitaka kung'olewa jino, daktari wa meno ajue anatumia dawa hii, maana mara chache taya hukataa kupona. Akilalamika paja linauma bila kuanguka, mpeleke hospitali, usimkande tu. Ikifika miaka mitano hivi, muulize daktari kama apumzike. Dawa hukaa mfupani muda mrefu hata ukiacha kumeza.

Kwenye kalenda ya ukutani nimezungushia kila Jumatatu wino mwekundu. Alama ya kumeza anaitia mwenyewe. Tangu ile miezi ya chai, haniamini.