Kufuga Kuku Wachache wa Mayai katika Ploti ya Nairobi

Anayetaka kufuga kuku jijini kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya vifaranga, ilhali swali linalostahili kutangulia ni kinyesi kitapelekwa wapi. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku na kunywa maji yanayokaribia mara mbili ya uzito huo, na sehemu kubwa ya hayo yote huishia chini ya miguu yake. Katika shamba la Machakos kinyesi hicho huishia kwenye migomba bila mtu kukijali. Katika ploti ya Umoja au Kahawa West, ambako dirisha la jirani liko hatua chache tu kutoka kwenye banda, kitabaki pale pale hadi wewe mwenyewe ukiondoe. Kwa hiyo idadi ya kuku na ipangwe kwa kuzingatia kazi ya usafi unayoweza kuifanya kila wiki, hata kama mfuko unaruhusu zaidi. Kuku kumi wanaotunzwa vizuri hutoa mayai saba au manane kwa siku wanapokuwa katika kilele cha kutaga, yaani trei moja kila baada ya siku nne hivi, na kiasi hicho kinaitosha familia na kubakiza ya kuuza.

Kabla ya kumwita fundi, zungumza na mwenye nyumba na majirani. Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitunga sheria mwaka 2015 ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, kwa hiyo kufuga jijini si jambo la kufichwa, lakini sheria za afya ya umma bado zinampa afisa wa afya uwezo wa kukuchukulia hatua pindi harufu, nzi au kelele zinapokuwa kero. Jogoo ndiye mlalamikiwa wa kwanza katika kesi za namna hii, na hana kazi yoyote katika banda la mayai ya kula, kwa sababu mtetea hutaga bila yeye. Usimnunue.

Banda la kuku kumi linahitaji sakafu isiyopungua mita mbili za mraba, na likizidi hapo ni bora zaidi, kwa kuwa kuku waliobanana hudonoana hadi kutoana damu. Liinuliwe kutoka ardhini ili maji ya mvua za Machi hadi Mei yapite chini yake, ukuta wa upande unaopigwa na upepo uzibwe kwa mbao au mabati, na upande wa pili uachwe wazi na kufunikwa kwa wavu wa waya. Wavu wa kawaida wa kuku una matundu makubwa yanayopitisha panya, kwa hiyo sehemu ya chini iongezewe waya wenye matundu madogo. Juu nako kufunikwe kabisa, kwa maana mwewe wa Nairobi wamezoea kuishi kwa mabaki ya machinjio na majaa, na hawaogopi kushuka katikati ya ua wenye watu. Weka fito za kulalia, na viota viwili au vitatu mahali penye kiza kidogo.

Sakafu hutandikwa maranda ya mbao, ambayo mafundi seremala huyauza kwa gunia, yenye kina cha sentimita tano hadi kumi. Hapa ndipo ufugaji wa mjini hufanikiwa au huharibika. Maranda makavu hunyonya unyevu wa kinyesi na kuzuia harufu. Yakilowa huzalisha amonia, ambayo huwachoma kuku macho na kudhoofisha njia zao za hewa muda mrefu kabla ya mtu aliyesimama wima kuinusa. Chuchumaa basi hadi kimo cha kuku, uvute pumzi, kisha uchukue konzi ya maranda chini ya chombo cha maji na kuifinya: yakishikamana kama donge la ugali yaondoe siku hiyo hiyo, na yakikunjuka taratibu mkono unapofunguka yako sawa. Unyevu mwingi hautokani na kinyesi bali na chombo cha maji kinachovuja au kilichowekwa chini sana, na dawa yake ni kukiinua hadi usawa wa mgongo wa kuku.

Kwa mwenye kuku kumi, kulea vifaranga wa siku moja hakuna faida, kwani gharama ya joto ni ile ile kwa kumi kama kwa hamsini. Nunua wa miezi miwili au mitetea walio karibu kutaga, na umtake muuzaji akuonyeshe kumbukumbu za chanjo. Atakayeng'ang'ania vifaranga ajue kwamba wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za selsiasi, linalopunguzwa kwa takriban nyuzi tatu kila wiki, na kwamba baridi ya Julai ya Nairobi haisamehe siku ambayo stima imepotea. Vifaranga wenyewe ni kipimajoto: wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, na wakikimbilia kingo huku midomo wazi wanaungua. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa linaweza kuwaua wao na hata wewe kwa hewa yake yenye sumu.

Chanjo ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, haina mbadala, kwa kuwa ugonjwa huo hauna tiba na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo nyingi za kuku ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na huharibika kwa joto na kwa klorini. Nenda dukani na chupa ya kuhifadhi baridi yenye barafu, wala usiitie chanjo mfukoni mwa koti ndani ya matatu. Ikiwa itatolewa kwa maji ya kunywa, usitumie maji yaliyotoka mferejini papo hapo. Tumia ya mvua yaliyo safi, au yale ya mfereji yaliyokaa wazi usiku kucha. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili, kisha uwape kiasi watakachomaliza ndani ya saa mbili. Chupa moja mara nyingi hutosha kuku mia na zaidi na haihifadhiki ikishafunguliwa, kwa hiyo kubalianeni majirani wafugaji mchanje siku moja na mchangie gharama.

Chakula kiwe cha kuku wanaotaga, chenye kalisi ya kutosha, yaani madini yanayojenga ganda la yai, na mabaki ya sukuma wiki yawe nyongeza tu. Mchana wa Nairobi ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima, nao kuku hutaga vizuri zaidi wakipata mwanga wa saa kumi na nne hadi kumi na sita. Taa ndogo iwashwe alfajiri badala ya usiku, maana ikizimwa ghafla usiku kuku hukwama chini kabla ya kupanda kwenye fito. Ukiwapa dawa ya kuua bakteria, mayai yao yasiliwe wala kuuzwa kwa siku zote zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Ambaye ploti yake haiwezi kubeba kuku anaweza kufikiria sungura, wasio na kelele, wanaobeba mimba kwa takriban siku 31 na kukaa katika vizimba vya waya vilivyopangwa ukutani. Mkojo wao nao hukusanywa chini na kuuzwa kwa wakulima wa mboga. Ndege aina ya kwale nisingemshauri mtu kuwafuga kwa ajili ya biashara. Wengi walivamia ufugaji huo kati ya 2013 na 2014, mayai yakajaa sokoni na bei ikaporomoka kabla hata gharama za vizimba hazijarudi.

Maranda yaliyoondolewa bandani yafungiwe kwenye magunia na kuwekwa mahali pasiponyeshewa hadi yaoze kwa miezi kadhaa, kwani kinyesi kibichi cha kuku huunguza mizizi. Mtafute mteja wa mbolea hiyo, labda jirani mwenye kitalu cha miche kando ya barabara, kabla gunia la kwanza halijajaa.