SOMO: Shahada ya afya ya umma Tanzania, kuanzia kombi hadi leseni

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, naletewa swali lilelile: "Nimekosa udaktari, niende afya ya umma?" Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Kombi. PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ndiyo salama zaidi. Wa CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), someni vigezo vya kila chuo kabla ya kulipia maombi. Alama zinazotakiwa ziko kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tumia cha mwaka unaoomba.

2. Maombi. Unaomba chuoni moja kwa moja. Mkopo unaombwa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao wana tarehe zao.

3. Jina la shahada. Hapa tulia usome mara mbili. Serikalini, yule tunayemwita bwana afya au bibi afya cheo chake ni Afisa Afya Mazingira. Tangazo la ajira yake hutaka shahada ya sayansi ya afya ya mazingira, mafunzo kwa vitendo baada ya kuhitimu, na usajili wa Baraza la wataalamu wa fani hiyo, ambalo sheria yake ni ya 2007. Sasa elewa tofauti: TCU inaithibitisha shahada, lakini anayekusajili kufanya kazi ni Baraza. Shahada inaweza kutambulika kabisa na bado isikufikishe kwenye usajili huo. Nimekaa na wahitimu wenye matokeo mazuri walioondolewa kwenye mchujo wa kwanza kwa sababu ya jina la shahada tu.

ONYO: usiridhike na jibu la ofisi ya udahili. Waandikie Baraza, taja jina kamili la programu na chuo, kisha tunza jibu lao. Fanya hivyo KABLA ya kuthibitisha nafasi. Kama unalenga utafiti au miradi ya mashirika, shahada pana ya afya ya umma inakufaa vizuri. Muhimu ujue unakoelekea.

4. Mwaka wa kwanza. Anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia. Hudhuria.

5. Takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa kwa watu na kwa nini. Usikariri fomula. Chukua data halisi uichezee kila wiki, maana ukifika utafiti wa mwisho hakuna wa kukubeba.

6. Fildi. Ambatana na afisa afya wa kata: migahawa, vyoo, visima, dampo. Andika unachokiona siku hiyohiyo.

7. Utafiti. Kibali cha maadili kiombe mapema. Bila hicho huruhusiwi kumhoji mtu hata mmoja.

8. Mafunzo kwa vitendo, usajili, leseni. Kwa mpangilio huo.

MASWALI

Kijana wa Kondoa: Mkuu, kombi gani inatakiwa?
— Hatua ya 1.

Mzee wa Bumu: Si ndiyo kozi ya waliofeli udaktari hii?
— Hapana, na naomba tuliache neno hilo. Daktari anamtibu mgonjwa wa kipindupindu aliyefika wodini. Choo kinachovujia kisimani kitaleta wengine kesho mpaka mtu akifuate kilipo. Kazi hiyo ina elimu yake, na ni ngumu.

Dada Mkunga: Mimi ni muuguzi wa stashahada, nataka kujiendeleza. Epidemiolojia inanitisha. Nianzie wapi?
— Karibu sana dada, wodi imeshakupa nusu ya elimu hiyo. Anza na swali moja: "kati ya wangapi?" Tuseme kata moja ina wagonjwa 40 wa kuhara, nyingine 25. Ya kwanza inaonekana mbaya zaidi. Lakini kama ya kwanza ina watu 8,000 na ya pili 2,000, basi ni 5 kwa kila 1,000 dhidi ya 12.5. Gari la dawa linapaswa kwenda kata ya pili. Kisha msome daktari John Snow, London, 1854. Aliwafuatilia waliokufa kwa kipindupindu akakuta wengi walichota maji kwenye pampu ya Broad Street. Lakini hakuishia kwa waliougua: wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walisalimika, nao walikuwa wakinywa bia na maji ya kisima cha kiwandani. Kila mara waulize na wasiougua.

Dada Mkunga: Nimeelewa kuliko nilivyoelewa darasani. Je, programu za takwimu ni lazima kununua?
— Hapana. Programu ya takwimu iitwayo R ni bure.

Mdau wa Tandika: Naongezea KoboToolbox, ya kukusanyia data. Unahoji kwa simu hata pasipo mtandao, ukipata mtandao data inatumwa.
— Asante mdau. Ila jaribuni dodoso kwa watu wachache kwanza. Swali likishaeleweka vibaya na kaya zote, hakuna programu ya kulinyoosha.

Kijana wa Kondoa: Sawa mkuu, nimesoma yote. Fildi nibebe nini?
— Sasa tunaongea. Daftari dogo la jalada gumu, kalamu mbili, kofia, na gambuti. Gambuti chukua namba moja juu ya yako, uvae na soksi nene.