Mail yenye dosye nzito inakatala kwenda? Usibonyeze tena kwanza

Niko nafanya kazi mu sekretaria moja ndogo hapa Bukavu, upande wa Nyawera, tunasezi, tunafotokopi, tunaskane, tunatumia watu mail za kuomba kazi, na kitu naonaga kila wiki ni kile kile: mtu anakuja saa ya mwisho, dosye yote iko mu PDF moja, anaiweka ku mail, anabonyeza kutuma, inazunguka, inazunguka, inakatala. Anabonyeza tena. Mara ine. Forfe ya enternete inaisha (juu hata ile yenye kukatikia njiani inakula mega) na kule hakuna kitu kimefika.

Basi kabla ya kurudilia, jua kwanza imekatalia wapi. Ku Gmail ya telefone fungua « Boîte d'envoi ». Ukikuta mail iko pale, haijatoka kwako bado, ni konekisyo ama fishiye ingali inapanda. Ukiikuta mu « Messages envoyés » lakini kisha dakika kidogo unapata mail ya mailer-daemon (ni mashini yenye kukuambia mail haikufika), ile ilitoka ikarudishwa. Watu wengi wanaifutaga ile mail juu iko mu Kingereza na inaonekana kama virusi. Usiifute! Tafuta namba ndani yake: ukiona 552 ama 5.3.4, mara nyingi dosye iko nzito kupita kipimo, 5.2.2 ni boite ya yule mtu njo imejaa, yule umpigie simu tu afute vitu, na 5.1.1 adrese haiko, ulikosea herufi fulani. Hiyo ya mwisho unaweza kupunguza PDF mpaka kesho na haitaenda.

Sasa uzito. Gmail inakubali mpaka mega 25, na mail za biro nyingi zimefungwa ku 10. Lakini kuna kitu hawakuambii: mail ilitengenezwa tangu zamani kubeba maandiko, haikuwa ya kubeba picha na PDF, kwa hiyo mashini inageuza fishiye yako kuwa herufi ndiyo ipite, na kila bayiti 3 zinakuwa 4. Ni kama sambaza, wewe unahesabu samaki tu lakini mwenye kubeba anapima na beseni. Fishiye ya mega 9 inafika ku mulango ikiwa 12, na server (mashini yenye kupokea mail) ya 10 inaikatala, halafu mtu ananigombanisha mimi, « kaka lakini iko 9, angalia mwenyewe! » Ndiyo, naona. Kama haujui kule wanakubali ngapi, bakia chini ya 7.

Kupunguza ni kazi ya ku skaneri, siyo ya kisha. Juzi mama mumoja enfirmiye alikuja na dosye aliyoskanisha mahali pengine, karatasi 11, mega 38. Niliangalia: zote kuleri, dpi 600 (nukta 600 ku kila inchi). Dpi 600 ni ya mtu anataka kuchapa picha kubwa ya ku ukuta, kwa kusoma diplome 200 inatosha kabisa, na ukishuka toka 600 mpaka 200 haupunguzi mara tatu, unapunguza nukta mara tisa, juu zinapungua upana na urefu pia. Nikaskane upya, barua na CV na ma atestasyo kwa rangi ya kijivu, diplome peke yake nikaiacha kuleri juu tampo ya bulu ikikuwa nyeusi watu wanaanza kuwaza ni fotokopi ya fotokopi. Ikatoka mega 3 na kitu. Mama akaangalia ekra, akaniangalia. « Kaka, umetoa karatasi zangu zingine? » Hapana mama, hesabu, ziko 11. Akahesabu kweli, moja moja, na kidole.

Kama hauna skaneri, programu ya Drive ku Android inaskane na kutengeneza PDF moja, ni bora kuliko kupiga picha kumi na moja za mega 4 na kuzibandika zote ku mail. Kama ni Word yenye picha ndani, bonyeza picha, tafuta « Compresser les images ». LibreOffice, ukitoa PDF, iko na « Réduire la résolution des images ». Zip? Kwa skane na picha za JPEG haisaidii karibu kitu, zile zilishakamuliwa, haukamui mara mbili. Na usifiche programu ya .exe mu zip ukidhani Gmail haitaona, itaona.

Konekisyo nayo. Usiseme « lakini video zinafunguka vizuri », kupokea na kutuma ni barabara mbili, na ya kutuma mara nyingi njo nyembamba. Fishiye ya mega 20, ikigeuzwa inakuwa kama 27, ku kilobit 512 kwa segonde inaomba dakika 7 hivi bila kukatika hata mara moja. Bukavu hapa, dakika 7 bila kukatika... Kwa mizigo kama ile weka ku Drive, ikikatika inaendelea pale ilifikia, na bure uko na giga 15 (lakini Gmail na picha zako zinakula mu hizo hizo). Kisha unatuma liyen. Kosa la hapa ni moja: liyen inabakia « Limité » na mwenye kupokea anakuta mulango umefungwa. Weka « Tous les utilisateurs disposant du lien », iache ku « Lecteur », na uijaribu wewe mwenyewe mu navigasyo privé (pale konte yako haijafunguliwa) mbele ya kutuma. Na usifute fishiye kisha, liyen inakufa nayo.

Kama tangazo la kazi linasema hawataki liyen, gawa: mail tatu, obje moja, jina lako na 1/3, 2/3, 3/3, barua na CV zikuwe mu ya kwanza juu pengine hawatafungua zingine haraka.

Na saa. Wakiandika saa 16 na biro iko Kinshasa, hapa ni saa 17, sisi tuko mbele yao saa moja. Ile saa moja usiihesabie, njo saa kuran (umeme) inakatikaga.