Kulinda sungura usiku katika ardhi ya mawe ya Goma

Uingereza, mkulima anayesumbuliwa na mbweha hutoka jioni na bunduki, lakini huku Goma, ambako nyumba zimebanana na mlio mmoja wa risasi huwatia jirani hofu kubwa, sishauri njia hiyo hata kidogo. Risasi ndogo kabisa huweza kusafiri zaidi ya kilomita 1, tena ikigonga jiwe la volkano hubadili mwelekeo bila mtu kujua itakakoishia.

Kinachowalinda sungura ni wavu wa waya. Kanu, mnyama mdogo wa usiku anayefanana na paka na anayewinda sungura, ni mwembamba na hupenya popote kichwa chake kinapopita, kwa hiyo chagua waya mgumu wenye matundu ya milimita 13 hivi, kwani ule mwepesi wa kuku mbwa huupasua kwa meno. Kwingine watu huufukia wavu ardhini, jambo lisilowezekana pale ambapo lava ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002 imeganda kama saruji. Ukunje basi kuelekea nje, uulaze juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 30 au zaidi, kisha uukandamize kwa mawe mazito yaliyopangwa bila kuacha nafasi, kwa sababu mnyama mchimbaji huanza kukwangua palepale ukuta unapokutana na ardhi. Paa nalo lifunikwe, maana kanu hupanda vizuri sana. Kila jioni, kabla giza halijaingia, pitisha mkono kwenye pembe zote na uvute komeo la mlango.