Kichomi Kimerudi Tena: Jinsi ya Kufuatilia Maumivu ya Mbavu Hadi Kwenye Chanzo

Neno "kichomi" limebebeshwa mizigo mingi mno. Mwenye nimonia ana kichomi. Aliyejivuta msuli akihamisha kabati ana kichomi. Mwenye mawe kwenye mfuko wa nyongo, naye kichomi hichohicho. Kwa hiyo mgonjwa akikaa mbele yangu na kusema "daktari, kichomi kimerudi tena," bado hajaniambia kitu. Namwomba anionyeshe panapouma, kisha nautazama mkono wake kuliko uso. Akinyoosha kidole kimoja na kugusa mahali pamoja, nafikiria mfupa, gegedu (ule mfupa laini kama wa sikio) au msuli. Akipapasa kwa kiganja kizima bila kupata mahali pa kutua, naanza kufikiria kilichomo ndani.

Dalili hiyo hukosea mara mojamoja, lakini ni pazuri pa kuanzia, na unaweza kuitumia mwenyewe nyumbani. Hatua zifuatazo hazitakupa jina la ugonjwa. Zitakupa maelezo ambayo daktari akiyasikia ataacha kubahatisha.

Hatua ya 1: Ondoa dharura kwanza

Acha kusoma uende hospitali sasa hivi ikiwa:

- kifua kinabana kama kimekaliwa na jiwe, au maumivu yanakwenda mkononi, kwenye taya au mgongoni, pamoja na jasho jembamba au kichefuchefu;
- pumzi imekatika ghafla, hasa kama mguu mmoja umevimba, au umefanyiwa upasuaji, umejifungua au umekaa safari ndefu siku za karibuni. Huenda damu imeganda mguuni na bonge lake limefika kwenye mapafu;
- unakohoa damu, au umezirai;
- ulianguka au kugongwa ubavuni na sasa una kizunguzungu au tumbo linauma. Ini na bandama vimejificha nyuma ya mbavu za chini, na vinaweza kuvuja damu bila jeraha lolote kuonekana nje;
- una ujauzito uliopita wiki 20 na unaumwa chini ya mbavu za kulia, kichwa kinagonga au macho yanaona ukungu. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba;
- una selimundu (siko seli) na kifua kinauma pamoja na homa au kukosa pumzi.

Kuna yanayodanganya watu kuliko haya yote: maumivu yanayokuja ukipanda ngazi au ukitembea haraka, halafu yanatulia ukisimama. Kwa kuwa yanaondoka yenyewe, mtu huyazoea. Huo ni mwenendo wa moyo usiopata damu ya kutosha, na hata kama leo hayapo, mwone daktari wiki hii. Yakianza kuja mara nyingi zaidi au ukiwa umekaa tu, hiyo ni dharura. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine hawabanwi kifua kabisa. Huchoka isivyo kawaida na kuishiwa pumzi.

Hatua ya 2: Hesabu mbavu zako

Tuna jozi 12 za mbavu. Saba za juu zinajishika moja kwa moja kwenye mfupa wa kidari kwa gegedu. Ya 8, ya 9 na ya 10 hazifiki kwenye kidari. Kila moja imeegemea gegedu la mwenzake wa juu. Mbili za mwisho zinaning'inia, hazijashikwa mbele.

Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo. Telezesha polepole kwenda chini, kama upana wa vidole vitatu, utakutana na tuta dogo linalokatiza kidari. Pembeni mwa tuta hilo ndipo ubavu wa pili unapojishika. Ukishaupata huo, shuka na mwanya mmoja baada ya mwingine, ukihesabu. Mara ya kwanza utapotea. Rudi kwenye tuta uanze upya.

Hatua ya 3: Bonyeza

Bonyeza kwa ncha ya kidole pale kidari kinapokutana na mbavu, pande zote mbili, ubavu mmoja baada ya mwingine. Unatafuta kitu kimoja tu: je, ukibonyeza unapata *maumivu yaleyale* yaliyokuleta hapa? Mwili una sehemu nyingi zinazouma zikibonyezwa kwa nguvu, na hizo hazihesabiki.

Mama mmoja alinijia akiwa ameumwa miezi minne chini ya titi la kushoto. Alikuwa na hakika ni moyo, na alishaacha hata kutembea kwa miguu. Kipimo cha umeme wa moyo kilikuwa safi. Nilipobonyeza gegedu la ubavu wa nne aliruka. "Hapohapo!" Nikamuuliza mtoto wake humbeba upande gani. Akacheka kabla hajajibu. Mtoto alikuwa ameshakuwa mzito, na miezi yote hiyo alimbeba upande mmoja tu.

Huo ulikuwa uvimbe wa gegedu za mbavu, chanzo cha kawaida sana cha maumivu ya mbele ya kifua. Hushika zaidi ubavu wa pili hadi wa tano, huja baada ya kikohozi kirefu, kubeba vizito au mazoezi mapya, na mara nyingine bila sababu inayojulikana. Hauna hatari, ila una ukaidi: unaweza kwenda na kurudi kwa wiki au miezi. Ukiona uvimbe wenyewe kwa macho, kwa kawaida kwenye ubavu wa pili au wa tatu, hiyo ni aina yake iliyoelezwa na daktari Mjerumani Alexander Tietze mwaka 1921. Mwonyeshe daktari, kwa sababu si kila uvimbe wa kifua ni gegedu.

Kama panapouma ni chini zaidi, ukingoni mwa mbavu, na unasikia "kwak" ukijipinda au kuinama, fikiria zile mbavu za 8, 9 na 10. Kishikio chake kikilegea, ncha moja huteleza chini ya mwenzake na kubana mshipa wa fahamu. Watu wenye tatizo hili huzunguka sana, wakipimwa tumbo mwaka mzima. Daktari anaweza kulitambua kwa kuingiza vidole chini ya ukingo wa mbavu na kuvuta taratibu; usijaribu mwenyewe.

Tahadhari: kuuma kwa kubonyezwa hakufuti moyo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kama Hatua ya 1 ilikugusa, kidole chako hakina mamlaka ya kukuambia ubaki nyumbani.

Hatua ya 4: Vuta pumzi, kisha jipinde

Vuta pumzi ndefu. Maumivu yakichoma kama sindano ukifika mwisho wa pumzi, kuna mambo mawili: ama msuli ulio kati ya mbavu, ama utando unaofunika mapafu. Sasa shikilia pumzi na uzungushe kiwiliwili kulia na kushoto. Msuli utalalamika. Utando hulalamikia zaidi pumzi na kikohozi, na mara nyingi una wenzake: homa, kikohozi, kuhema.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku na mwili kupungua ni sababu ya kwenda kupima makohozi. Kifua kikuu hupenda kuingia kwenye utando huo.

Vijana na watoto wana chao: kichomo kikali upande wa kushoto wa kifua, wakiwa wamekaa tu, kinachowafanya waogope kuvuta pumzi, halafu kinatoweka ndani ya sekunde chache au dakika tatu hivi. Kinatisha, hakina madhara, na wengi hukiacha njiani wakikua.

Hatua ya 5: Upande gani, na baada ya nini

Kulia chini ya mbavu, saa moja hivi baada ya mlo wenye mafuta, maumivu yanayokaza kwa nusu saa au zaidi na kupanda hadi kwenye bega la kulia: mfuko wa nyongo. Macho yakiwa ya njano au ukipata homa, usingoje.

Kushoto ni vigumu zaidi. Gesi inayokwama kwenye kona ya utumbo mpana chini ya mbavu inaweza kumfanya mtu aandike wosia, kisha akajamba na mambo yakaisha. Uzito wa kudumu, na kushiba baada ya matonge machache, vinaweza kuwa bandama iliyovimba, kwa mfano kwa malaria ya mara kwa mara.

Katikati, kwenye chembe ya moyo, kwa moto unaopanda ukilala: kiungulia au vidonda vya tumbo.

Nyuma, pale ubavu wa mwisho unapokutana na mgongo, fikiria figo, hasa kama mkojo unachoma au una damu. Maumivu yanayozunguka kama mkanda kutoka mgongoni yanaweza kuanzia kwenye pingili za uti wa mgongo.

Hatua ya 6: Tazama ngozi, leo na keshokutwa

Hapa niliwahi kukosea. Mzee alikuja na mwako wa upande mmoja wa mbavu, hata shati likimgusa anakunja uso. Ngozi ilikuwa safi. Nikasema ni msuli, nikampa dawa ya maumivu. Siku ya tatu alirudi na mstari wa malengelenge kutoka mgongoni hadi mbele. Mkanda wa jeshi. Maumivu yake hutangulia vipele kwa siku kadhaa, na dawa za virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Siku hizi nikisikia "hata nguo inaniuma," namwambia mgonjwa ajitazame kila asubuhi.

Hatua ya 7: Andika kwa wiki mbili

Mistari mifupi inatosha: "Jumanne saa 2 usiku. Kulia chini. Baada ya kula. Dakika 40. Hakuna homa." Maandishi kumi ya namna hiyo yananifaa kuliko nusu saa ya kusimuliwa.

Hatua ya 8: Ukingojea

Kama kila kitu kinaelekeza kwenye msuli au gegedu, punguza kazi iliyokianzisha, kanda kwa maji ya vuguvugu, na tumia parasetamoli bila kuzidi gramu 4 kwa saa 24 kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwenye ugonjwa wa ini au uzito mdogo aulize kwanza. Ibuprofeni na diklofenaki si za mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito.

Usijifunge kitambaa kifuani. Kinapunguza maumivu kwa kupunguza pumzi, na pafu lisilojaa ni rahisi kushikwa na nimonia. Ukitaka kukohoa, kumbatia mto. Ubavu uliovunjika huchukua wiki 6 hivi kuunga.

Maumivu yanayokuamsha usiku, yasiyojali umekaaje, pamoja na mwili kupungua, hayangojei wiki mbili.

Na ukipigwa eksirei ikatoka safi, usiondoke na aibu. Eksirei ya kawaida haionyeshi gegedu wala msuli, na ufa mwembamba wa ubavu unaweza kuipita. Muulize daktari: "Basi kinachouma ni nini?" na umpe lile daftari.